Mita Mia Nne za Vangel

Kabla sijaanza, mjue kwamba barabara ya kwetu hakuna anayeijua kunizidi. Miaka thelathini na moja nimeendesha lori kutoka Gevgelija, mji wetu wa mpakani na Ugiriki, hadi Skopje, mji mkuu, na kurudi. Nimebeba pilipili, zabibu, saruji, na mara moja dubu wa sarakasi aliyekuwa na adabu kuliko tajiri wangu. Shule niliiacha darasa la saba kwa makubaliano: mwalimu alitaka niende, na mimi sikutaka kumkatalia. Lakini barabara nimeisomea. Likumbukeni hilo, kwa sababu ujuzi wangu huo ndio uliompeleka Vangel gerezani.

Vangel Stoimenov ni kaka wa mke wangu. Mwembamba, masikio makubwa, maneno machache. Baba yake alikuwa akiuza aiskrimu kwa baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele, na Vangel alikua akitembea kando yake, akisikiliza cheni badala ya kusikiliza wateja. Alipokuwa mtu mzima alitengeneza cherehani za kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa akafungua karakana ya baiskeli katika banda la baba yake. Alikuwa na mazoea yaliyowaudhi watu. Hakukupa baiskeli yako mpaka aguse kila spoku kwa ukucha na kuisikiliza, kisha aipande mwenyewe mpaka kwenye duka la mkate na kurudi.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "hiyo ni tairi, siyo gitaa."

"Spoku moja ikidanganya, Tode, zote zinafuata," akanijibu.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano watu walianza kupita kwetu wakitoka Ugiriki: Wasyria, Waafghani, Wairaki, wengine sijui wa wapi. Ugiriki waliwaachia. Askari wa upande ule alikuwa akiwaonyesha njia kwa kidole, huku mkono wa pili umeshika kahawa. Upande wetu sheria ilikuwa kali: mtu asiye na karatasi haruhusiwi kupanda treni, basi wala teksi, na ukimsafirisha, wewe ni mhalifu, unafungwa. Kutembea, hakuna aliyewazuia. Wakatembea juu ya reli, maana reli haimpotezi mtu, na majira yale treni ikawagonga baadhi yao. Hapo ndipo mtu mmoja, sijui nani, alipogundua kwamba sheria imeisahau baiskeli.

Sijawahi kuuona mji wetu ukipenda baiskeli namna ile. Watu waliuza baiskeli za wajomba waliokufa, na za wajomba waliokuwa hai lakini wamelala. Nyingine hazikuwa na breki. Vangel alikaa bandani toka asubuhi hadi jioni akizirekebisha, amekasirika, si kwa ajili ya wageni, kwa ajili ya breki.

Mwanzoni mwa Juni akaja Ghiyath na mama yake. Ghiyath alikuwa daktari wa meno, Msyria wa Deir ez-Zor, alisomea Sofia, kwa majirani zetu Wabulgaria ambao lugha zetu zinafanana lakini hatupatani, kwa hiyo aliongea nasi vizuri tu, ila kwa lafudhi ya Kibulgaria, jambo ambalo kwetu linaweza kukunyima kahawa. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga. Alikuwa amebebwa mgongoni na mwanawe kutoka mpakani mpaka kwenye banda lile.

"Fundi," alisema Ghiyath, "nataka baiskeli yenye kiti cha nyuma."

Vangel alimtazama yule mama. "Kiti cha nyuma hawezi. Ataanguka kwenye shimo la kwanza."

"Basi nitambeba mgongoni hadi Serbia."

"Kilomita mia moja na themanini?"

"Wewe una njia nyingine, mzee wangu?"

Vangel aliingia ndani, akaondoa maboksi na turubai, akaitoa baiskeli ya aiskrimu ya baba yake. Siku tatu aliifanyia kazi. Alikata sanduku likawa kiti, akaweka godoro, akafunga breki mbili. Mama Ghiyath alikaa nyumbani kwa fundi siku hizo zote, akimchambulia maharage mke wa Vangel na kumkosoa kwa ishara.

Jioni ya tatu Vangel aliniita. "Wewe unaijua barabara ya zamani, ile isiyo na polisi wengi. Ina milima?"

"Milima!" nikamcheka. "Mpaka Demir Kapija ni kama meza. Nimeipita mara elfu sita, sijabadilisha hata gia."

"Una hakika? Maana gia ya nyuma niliyo nayo ni ya baba, meno kumi na sita. Ni ya mjini. Kuna kubwa zaidi, ya kupandia milima, kule Kavadarci, lakini nitasubiri siku mbili."

"Shemeji, unaongea na Tode. Nenda kesho."

Ndivyo nilivyosema. Kwenye lori la tani kumi na mbili, mabwana, kilima kidogo si kilima. Unaongeza mafuta, unawasha sigara.

Tulikubaliana sharti moja. Ghiyath ndiye angeendesha, na Vangel angefuata kwa baiskeli yake mwenyewe mpaka Demir Kapija, kusikiliza cheni. Mtu akiendesha baiskeli yake na mama yake amekaa mbele, sheria haina neno. Mwenyeji akimwendesha mama huyo, hicho ni kifungo. "Usiguse pedali," nilimwambia Vangel mara tatu. "Hata ukiona zinakuita kwa jina." Na mimi nikaenda nao kwa baiskeli yangu, kwa sababu msafara bila mtu mwenye uzoefu ni fujo.

Tuliondoka asubuhi. Mpaka Udovo tulikwenda vizuri, na Mama Ghiyath alikaa mbele kama malkia, mwavuli wa mke wa Vangel mkononi. Jua likawa kali. Halafu meza yangu ikaanza kuinama.

Ghiyath alisimama juu ya pedali. Alishuka, akasukuma. Baiskeli ile na mama yake na mizigo vilikuwa vizito kuliko yeye, na alikuwa hajala vizuri kwa wiki kadhaa. Katikati ya kilima alipiga magoti, akatapika maji matupu kando ya lami. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma, na mama mle ndani akapiga kelele moja fupi. Vangel aliitupa yake, akairukia ile, akabana breki.

Hapo angeweza kukaa, ashike breki tu, asubiri. Nilikuwa nyuma, nikihema kama ng'ombe, nikamwona akigeuza kichwa. Chini lori lilikuwa linapanda, na barabara pale haina pembeni: upande mmoja mwamba, upande mwingine mto. Juu kulikuwa na mita mia nne mpaka mahali pana pa kusimama.

Akakanyaga pedali.

Alipofika juu, gari la polisi lilikuwa limepaki pale kivulini, askari wawili wanakula tikiti maji.

"Karibu, mjomba," mmoja akamwambia, akijifuta mdomo. "Umemleta nani?"

Mimi hawakunikamata. Nilifika dakika kumi baadaye nikisukuma baiskeli yangu, na abiria wangu pekee alikuwa kitambi, naye ana kitambulisho. Ghiyath na mama yake walirudishwa upande wa Ugiriki jioni ileile. Vangel aliwekwa mahabusu. Baiskeli ya aiskrimu ikafungwa kamba na karatasi: kielelezo cha kesi.

Sikilizeni sasa kilichofuata. Hazikupita wiki mbili, wakubwa wetu wakabadilisha sheria. Mgeni anapewa karatasi ya saa sabini na mbili, anapanda treni anayotaka. Nilikwenda stesheni nikaone kwa macho yangu. Mabehewa yamejaa, na askari wa serikali ileile wanashika vikongwe mikono na kuwapandisha ngazi. Mmoja wa vikongwe hao alikuwa Mama Ghiyath. Askari alimnyanyua kama mkwewe. Ghiyath aliniona, akanikimbilia.

"Mama anauliza, fundi yuko wapi? Anataka kumuaga."

Kulikuwa na watu, filimbi ilikuwa inalia. Nikasema, "Amekwenda kwenye maji moto. Mgongo unamsumbua."

Mama alisema kitu. Ghiyath akatafsiri: "Anasema mwambie mwanangu asiinue vitu vizito."

Nikaitikia. Treni ikaondoka.

Nilidhani Vangel naye wangemwachia. Wakili akasema hapana, kosa lilitendeka chini ya sheria ya zamani. Kesi ikasikilizwa Septemba. Ilikuwa wiki ambayo televisheni ya kahawani ilionyesha nchi mbili katika habari moja: Wahungaria wanafunga waya wenye wembe, na Wajerumani wamejaa stesheni wanapiga makofi na kugawa wanasesere. Kuna Waaustria waliochukua magari yao wenyewe wakaenda kubeba watu barabarani, wakapungiwa mikono. Ni bibi yuleyule na barabara ileile. Vangel alikuwa amekosea nchi tu.

Wakili alikuwa na mpango mzuri. Tutasema Vangel alishika breki tu, kuokoa maisha, na Ghiyath ndiye aliyefikisha baiskeli juu. Mashahidi ni askari wawili, ambao kwa kweli walikuwa wanatazama tikiti, na mimi.

"Shahidi," hakimu aliniuliza, mama mmoja wa miwani, "uliona miguu ya mshtakiwa ikiwa kwenye pedali?"

"Mheshimiwa, nilikuwa nyuma kwa mita mia, na pumzi zangu zilikuwa nyuma yangu kwa mita mia nyingine. Sikuona miguu ya mtu yeyote, hata yangu."

Watu walicheka. Hakimu mwenyewe alikuna pua. Mwendesha mashtaka akauliza Vangel alilipwa nini, nikasema hakulipwa kitu, na jibu hilo likamtia shaka zaidi. Lakini nilimwona wakili anatabasamu. Tulikuwa tunashinda.

Ndipo Vangel akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Haiwezekani kushika breki tu pale. Breki nilizofunga zilikuwa za kupunguza mwendo wa kushuka, si za kushikilia mlimani. Kwa uzito ule zisingezuia zaidi ya dakika mbili, na lori lilikuwa linakuja. Na yule kijana asingefikisha kitu juu, alikuwa anatapika. Niliendesha mimi. Mita mia nne."

Wakili akafunga faili lake.

"Unajua unachokisema, bwana Stoimenov?" akauliza hakimu.

"Najua. Gia ilikuwa ndogo. Ni kosa la fundi. Ningeweka kubwa, kijana angepanda mwenyewe."

Akanitazama, mara moja tu, bila hasira, kama anavyoitazama spoku. Hakumwambia hakimu nani alimhakikishia kwamba barabara ni meza. Nami niliyezungumza maisha yangu yote bila kuombwa, nilikaa kimya kwenye benchi.

Mwaka mmoja na nusu.

Nilikwenda kumtembelea kila mwezi na chupa ya ajvar, ile pilipili ya kusaga, aliyoitengeneza dada yake. Kila mara aliuliza: "Mama amefika?" Ghiyath alikuwa ananiandikia kwenye simu, kwa hiyo nilikuwa na habari. Baada ya kukwama Serbia majira yote ya joto, walipita Hungaria siku tatu kabla waya haujafungwa. Ujerumani wakawapokea kwa supu. Wakaendelea mpaka Uswidi, kwa binamu yao, nako mwanzoni walipewa nyumba, kisha Uswidi nao wakachoka, wakaanza kuwaomba karatasi mpakani, na ombi la mama la hifadhi likawekwa kwenye foleni. Miezi kumi na minne, hakuna jibu.

"Ana kitanda?" Vangel aliuliza.

"Anacho."

"Basi hajafika, lakini amekaa."

Alipotoka, mpaka wetu nao ulikuwa umefungwa. Waya mara mbili, askari, mbwa. Kahawani waliokuwa wameuza baiskeli za wajomba walisema ni vizuri, sasa tutapumua. Vangel hakuingia kahawani. Alikwenda kwenye ua wa mahakama, akasaini, akarudishiwa baiskeli ya baba yake, godoro limeoza, cheni nyekundu kwa kutu. Aliisukuma mpaka bandani bila kuipanda.

Majuzi nilimkuta ameigeuza miguu juu. Mezani kulikuwa na gia mpya, kubwa kama sahani, kutoka Kavadarci.

"Meno thelathini na mawili," alisema.

"Ya nini, shemeji? Hakuna anayepita."

Aliifunga, akazungusha pedali kwa mkono, akasikiliza. Kisha akaisimamisha, akanisogezea.

"Panda."

"Mimi?"

"Twende Udovo, kwenye kilima kile. Utaendesha wewe, nitakaa mimi mbele. Nataka kusikia kama kwa gia hii ingefika juu."

Tumeshakwenda mara mbili. Mita mia nne zile, nawaambia mimi niliyezipita mara elfu sita, ni ndefu. Inafika.