Ndimu Ndani ya Dishi

Nimefungua chupa ya achari niliyoletewa kutoka nyumbani, na harufu ya ndimu na pilipili ikanirudisha sebuleni kwetu, Mji Mkongwe. Jioni ile baba alituwashia televisheni tuwaone watu wa angani wakielea ndani ya chombo chao. Mara picha ikajaa chengachenga.

Baba akapanda juu ya paa, nami nyuma yake. Dishi letu lilitazama mbinguni kama sinia, na ndani yake bibi alikuwa akizigeuza ndimu zake za achari, zimelowa chumvi.

"Mama, hili si la kuanikia!"

"Lidude lote hili, likae juani bure?"

Tukaziteremsha ndimu, picha ikarudi. Bibi akakaa mkekani na sinia la ndimu zake mapajani, akimtazama mtu mmoja aliyekuwa akikidaka kwa mdomo kipande cha mkate kinachoelea. Uso wa bibi ukalainika.

"Maskini," akasema, "mbali kote huko, na mkate mtupu. Hana hata mtu wa kumpelekea achari?"