Kiungulia cha Baba Mkwe

Kaari alikuwa akichuja uji wa baba mkwe wake pale mumewe, Thuranira, aliporudi kutoka hospitalini na kusema, "Weka chini hilo chujio, Kaari. Mzee ametuacha." Alipokuwa hai, mzee huyo wa kanisa, hapo mtaani Kinoru, alikuwa akila polepole kuliko watoto: tonge la mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, mafunda matatu ya maji, kisha kiganja kikipapasa kifua kutoka juu kwenda chini, kana kwamba anakisukuma chakula kwa nje. Alilala ameketi, mito mgongoni, kopo la magadi karibu. "Ni kiungulia tu, mwana," alisema kwa sauti iliyokwaruza, na Kaari, kwa heshima ya mkazamwana, hakuuliza zaidi.

Jumapili moja ya Meza ya Bwana alimkuta nyuma ya kanisa akitema kipande cha mkate kwenye leso. "Usimwambie mtu. Watasema Mungu amenikataa." Kaari aliogopa, akanyamaza miezi mitano, hadi mzee alipozidiwa akapelekwa hospitalini. Daktari alieleza baadaye kwamba misuli ya umio, njia ya chakula, husukuma chakula chini, na msuli wa mlangoni mwa tumbo hufunga ili tindikali isipande. Wa mzee ulilegea zamani, njia ikaungua miaka mingi, mwisho ikaota saratani. "Mngemleta mapema," alisema. Tangu hapo Kaari akimeza mate husubiri kwanza, aone kama yameshuka.

Alhamisi walimzika kando ya migomba yake. Thuranira alitupa udongo, kisha Kaari akatupa wake, akasema, "Nisamehe, baba, niliogopa," akarudi kusimama na wanawake wa kanisa.