Notisi ya Siku Kumi na Nne

Mama alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa kazini mjini Arusha. "Nimesaini," akasema. "Njoo kabla hawajanikamata."

Nilipofika nyumbani kijijini Akheri nilimkuta amefunga nguo zake kwenye kanga, tayari kwa mahabusu. Barua ilikuwa mezani. Ilitoka kwa wakili wa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye shamba lake linapakana na letu. Ilidai kwamba mama amevuka mpaka na kupanda migomba kwake. Aing'oe ndani ya siku kumi na nne, la sivyo atashtakiwa.

Niliisoma mara nne. Nilikaa, nikasimama, nikatoka hadi kwenye mfereji, nikarudi. Jumapili tu tulikuwa na baba mdogo kanisani. Mbona hakusema neno?

Kesho yake tuliipeleka barua kwa msaidizi wa kisheria, mwanamke mwenye meza yake kwenye ofisi ya kata.

"Kaa, mama," alisema. "Hii si hukumu, wala si samansi. Ni notisi. Anakueleza anachodai kabla ya kwenda baraza la ardhi."

"Lakini nimesaini."

"Umesaini kwamba umeipokea. Hukukiri kosa. Ila msiinyamazie. Jibuni kwa maandishi, mbaki na nakala." Akaikunja barua. "Na huo mpaka, umeuvuka?"

Mama akatazama sakafu. Mvua zilipobomoa ukingo wa mfereji wa mpakani, alisema, aliyang'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka aliyoipanda baba, akayasogeza hatua mbili kuelekea kwa shemeji yake.

Tangu jana nilikuwa namtukana baba mdogo moyoni.

Tulijibu kwamba tunaomba mpaka upimwe mbele ya majirani. Siku zile sikutulia. Simu ikiita, nilishtuka. Siku ya tisa nilikuwa Akheri baba mdogo alipokuja na mwenyekiti wa kitongoji na kamba ya kupimia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Hakunitazama.

Kamba ilipovutwa, migomba mitatu ilikuwa kwake. Mama aliing'oa mwenyewe, akakataa nimsaidie.

"Shemeji, si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulicheka."

Kesi haikufunguliwa. Mama alimkaribisha chai. Baba mdogo akasema anakwenda kukatia ng'ombe majani. Nilimfuata hadi njiani, nikamwita, na alipogeuka nikashindwa kumwomba radhi. Nikamwambia tu njia inateleza.