Kitambaa cha Mama Mkwe

Chipu ile niliibadilisha mara mbili, na mara zote mbili nilimlaani aliyeniuzia. Ni ndogo kuliko ukucha. Kazi yake ni kuigawia mota umeme ili izunguke hatua kwa hatua. Sisi mafundi tunaiita draiva. Mota yenyewe iligeuza mayai katika mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea mama mkwe wangu wa Bwera. Yai lisipogeuzwa, kifaranga hugandia kwenye ganda akafa. Kuku wake wote walikuwa wameisha kwa ugonjwa wa mdondo, na mayai yale aliyaomba kwa majirani, nyumba hadi nyumba. Yakiharibika angeona haya kuomba tena.

Kwenye karakana yangu Bulembia mashine ilifanya kazi kutwa bila kusita. Kule Bwera ikawa inagoma. Alinipigia simu: "Mukwe, mashini inalia kidogo, kisha inanyamaza."

Nikifika, nikiwasha, mota inazunguka vizuri kabisa! Nilipima nyaya kwa testa, nzima. Nikapunguza umeme kwa ile skrubu ndogo ya draiva. Mota ikakosa nguvu, ikatetemeka pale pale na trei ya mayai haisogei. Nikaurudisha. Mama mkwe alisimama mlangoni, macho chini, akinipa pole. Na mimi macho chini, maana kwetu mtu hatazamani usoni wala hazungumzi hovyo na mama mkwe. Nilitamani kuipiga mashine ile teke, ila si mbele yake.

Siku moja nilikuwa na kazi Nyakiyumbu, nikapitia kwake bila kupiga simu. Alikuwa uani anamenya muhogo. Aliponiona aliinuka mbio kuelekea sebuleni, lakini nilikuwa nimeshaingia.

Boksi la draiva lilikuwa limevishwa kitambaa cha kufuma, kizito, maua ya bluu pembeni, kimekunjwa mara mbili juu ya matundu ya hewa. Nikapenyeza mkono, kidole kikaungua. Chipu hiyo ikichemka kupita kiasi hujizima, ikipoa hurudi kazini. Kumbe kila nilipomwambia nakuja, alikitoa na kukifua, na chipu ikapoa nikiwa bado njiani, napita Kinyamaseke. Nilikasirika, na papo hapo nikataka kucheka.

"Mashini ya mukwe haiwezi kukaa uchi," akasema, akikiondoa.

Ningemwambiaje kwamba kazi ya mikono yake ndiyo iliyokuwa ikiua mayai? Nikazunguka mbuyu. "Mama, kitambaa kizuri sana. Naomba nikafunike televisheni yetu."

Akafurahi. "Beba, mutoto yangu. Kesho nitafuma ingine ya mashini."

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. "Mama, usifume. Ukiifunika inapata joto, inazima."

Akaitazama mashine, kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimuoe binti yake.

"Mimi nakuheshimu, wewe unaniheshimu," akasema, "na katikati yetu mayai iko inakufa."

Akafungua mlango wa mashine, akaanza kuyageuza kwa mkono. Nikasogea, nikageuza ya upande wangu.

Vifaranga waliotoka walikuwa wachache. Aliwapelekea kwanza majirani waliompa mayai, nyumba hadi nyumba, na yeye akabaki na wawili.