Kichocho Chetu cha Zamani

Siku niliyoona mkojo wangu mwekundu kwenye sakafu ya bafu, hapa Voi, sikuogopa. Nilicheka. "Kumbe bado uko!" nikasema kwa sauti, maana tangu mke wangu azikwe sina mwingine wa kumsemesha nyumbani.

Nilikulia Taveta, tukiogelea kwenye mifereji ya kumwagilia migomba, na karibu sote tulikojoa damu. Tulijipanga ukingoni kushindana, na ambaye mkojo wake ulitoka safi tulimwita msichana. Mwalimu alituambia ni kichocho, minyoo ya majini, akatupa vidonge. Sisi tuliona ndio uanaume wenyewe. Wajinga wakubwa!

Basi nikanunua vidonge dukani, nikameza, damu ikakata. Wiki mbili baadaye ikarudi, bila maumivu yoyote. Nikameza tena. Miezi minne nilijifanya daktari, mzee mzima na mvi zangu. Mficha uchi hazai, methali naijua sana, lakini niseme ukweli: ile damu ilinifurahisha. Ilinikumbusha kwamba niliwahi kuwa na wenzangu.

Mwishowe miguu ikaniishia nguvu, nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, alipima mkojo asione mayai ya kichocho.

"Mzee, damu kwenye mkojo ina sababu nyingi. Yaweza kuwa mawe kwenye figo, maambukizi, au tezi dume. Lakini ikija bila uchungu, kwa umri wako, lazima tuangalie kama ni saratani ya kibofu. Hicho kichocho cha utotoni kikikaa sana huacha makovu huko ndani."

Akaniandikia tarehe ya kuingiziwa kamera ndogo kwenye kibofu, akanipa na fomu ya kujaza. "Ukuje na mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Yeyote wako, mzee."

Nilimkasirikia bure. Watoto wangu wako Nairobi, na kila nikiwaita huniambia, "Tutaona, baba." Jirani namjua kwa kikohozi chake tu. Nilikaa kwenye benchi na ile fomu, pale pa jina la mtu wa karibu pakiwa patupu. Saratani iliniogopesha, ndiyo. Kuingia mle peke yangu kuliniogopesha zaidi.

Kati ya wale wa mferejini amebaki mmoja, yuko kule kule Taveta. Hakuja kumzika mke wangu, nami nikaapa sitampigia simu tena maishani. Nikampigia.

"Wewe," nikasema bila hata salamu, "unakumbuka tulivyokuwa tukikojoa damu?"

Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Nani amekuambia?" akauliza kwa sauti ya chini. "Hata mke wangu hajui kama imenirudia."

Nikatoa kalamu mfukoni.

"Panda gari la asubuhi," nikamwambia, nikaandika jina lake kwenye fomu.