Makopo Tisa ya Tata Badibanga

Tata Badibanga alipokuletea barua, hakuondoka. Alisimama mlangoni na baiskeli yake, kofia mkononi, mpaka uifungue.

"Mama Agnès," aliniambia, "polepole. Kona yangu usiipasue."

Kona yake ilikuwa ile ya juu ya bahasha, penye timbre, yaani stempu ya posta. Alikuwa na makasi madogo mfukoni. Alikata ile kona, akaipuliza vumbi, akailaza ndani ya daftari, ndipo akasema kwaheri. Alifanya hivyo miaka ishirini na mbili, kwa kila nyumba hapa Kapata, mtaa wa wachimbaji. Alikuwa karani wa barua wa kampuni ya shaba. Kila asubuhi alienda posta ya mjini Kolwezi kuchukua gunia, akarudi kugawa, na kila neno lililotoka mbali kuja kwetu lilipita mikononi mwake. Alijua nani anaandikiwa kila mwezi na nani amesahauliwa. Hakusema.

Nyumba yake ilikuwa ya arobaini na nane, yangu ya arobaini na saba, ukuta mmoja katikati. Akikohoa upande wake, mi nilisema pole upande wangu. Wazazi wake walitoka Kasai, baba yake aliletwa na gari la moshi kuchimba shaba, lakini ye mwenyewe alizaliwa Musonoi, hapa hapa Kolwezi. Kasai alikuwa anaijua kwa timbre tu.

Watu wengine wanakusanya na kuchunga timbre nzuri, za ndege, za maua, za nchi za mbali. Zake zilikuwa zile zisizotakiwa na mtu. Kichwa kile kile cha Rais, kofia ile ile ya chui, nyekundu, kijani, buluu, kahawia, maelfu na maelfu. Pesa ilipoanza kuanguka, posta ikapiga bei mpya kwa wino mweusi juu ya bei ya zamani; akachunga na hizo. Enjinia mmoja muzungu alipoonyeshwa alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Badibanga, hii hata kwa kuwasha moto haifai!"

"Patron, mi sichungi timbre. Nachunga safari yake."

Alizipanga ndani ya makopo tisa makubwa ya maziwa ya unga. Chini ya kila kopo aliweka makala, makaa ya kupikia, ndani ya kitambaa, yanywe unyevu wa wakati wa mvua. Juu, jani la tumbako kwa ajili ya mende. Miguu ya kabati ilisimama ndani ya mikebe ya sardini yenye mafuta machafu ya gari, ili muchwa wasipande. Ndani ya kopo, pakiti za karatasi ya gazeti zilizofungwa kwa uzi, kila nyumba na pakiti yake, kila pakiti na namba. Na nyuma ya kila kona, kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa shule ya mapadri, aliandika: nani alipokea, nani alituma, kutoka wapi. Chini ya kifuniko alibandika orodha ya nyumba na miji.

Bwana wangu Ngoy, mchimbaji, kabla hajafa, alimuuliza siku moja: "Tata Badibanga, juu ya nini haupangi kwa rangi? Itapendeza macho."

"Kwa rangi? Ile ni kazi ya batoto ba première année, bale banaanza masomo."

Tulicheka wote.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu. Kazi ilikuwa imekufa, mashine zimelala, mshahara hakuna, na redio ikasema adui ni jirani. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu. Vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani walipita nyumba kwa nyumba na fimbo, wakawapeleka watu kwenye gare, stesheni ya reli, kungojea gari la moshi lisilokuja. Mi nililiona lile gare. Watu walilala kwenye mawe ya reli, na mvua iliwakuta hapo, na watoto walizikwa karibu. Sitasema zaidi.

Badibanga walimpa mpaka saa nane ya mchana. Saa sita alipita mlango wangu wa nyuma, akabeba makopo mawili mawili, mara nne, na la tisa peke yake. Mke wake alikuwa tayari njiani na magodoro.

"Chukua kabati pia," nikamwambia. "Weka kwangu."

"Kabati iache baibe. Hii ndiyo mali." Aliyasukuma chini ya kitanda changu, vifuniko vikalia. "Mama Agnès, makala ubadilishe kila mwezi. Usichanganye pakiti. Nitarudi kuikuta vile iko."

"Utaikuta vile iko," nikasema. Na mi, nikisema kitu, nimekisema.

Sasa ni lazima niseme habari ya nyumba yangu. Mtoto wangu Kisimba alikuwa ameenda Dilolo kutafuta chumvi na samaki ya kuuza, wiki tatu bila habari. Aliniachia mke wake na mtoto wao mchanga, Shekina. Huyo mke anaitwa Ntumba, na alizaliwa Luputa, kule Kasai. Kisimba alimuoa Likasi. Kapata alikuwa na mwaka mmoja tu. Maneno yalipoanza kunuka, nilitangaza kwenye bomba la maji, mbele ya wamama wote, kwamba mke wa mtoto wangu ni wa kwetu Kabongo, si wa Kasai. Nilimfundisha kusalimia kama watu wa Kabongo, kuitikia kama wao, hata kulia kama wao. Jina la Ntumba nililifungia ndani ya nyumba. Nje alikuwa Mama Shekina.

Siku ya nne nilifungua kopo la tano, kutazama makala. Pakiti ya arobaini na saba ilikuwa juu. Nikasema, acha nione timbre za marehemu bwana yangu. Nikafungua uzi.

Kona ya kwanza, nyuma: *Ngoy, toka kwa kaka yake, Kabongo.* Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu: *Madame Kisimba, Ntumba, toka kwa mama yake mzazi, Luputa.* Ya nne, Luputa. Ya tano, Luputa. Kumi na mbili zilikuwa, na tarehe.

 Nikakaa chini na kopo kati ya mapaja.

"Mama, kuko nini?" Ntumba akauliza, mtoto mgongoni.

"Weye ulimupa Badibanga kona zako?"

"Aliomba. Alisimama pale mulangoni. Ningemukatalia namna gani?"

Nani angemkatalia? Hata mi sikumkatalia. Nikageuza vifuniko vyote kusoma orodha: nyumba ya kumi na tisa, Kananga, nyumba ya thelathini na tatu, Mwene-Ditu, yote miji ya Kasai. Nyumba kumi na moja, na yetu ndani, ambazo watu wake walikuwa bado wamejificha kati yetu kwa majina ya kuazima. Mtu mwema aliandika yote bila kukosa hata moja, na mi nilikuwa nayo chini ya kitanda changu.

Kesho yake, kwenye bomba, Mama Kabemba wa nyumba ya hamsini alinipiga jicho. Huyo mama mdomo wake haukujua kupumzika.

"Agnès! Banasema unachunga mali ya bilulu."

"Mali gani? Mikebe mitupu."

"Basi mutupu haina neno. Bale bijana banapita kwa laini yetu siku ya tatu. Nyumba yote iliyopokea bitu ya bale, banatafuta ndani. Mi nakuambia juu ya mapendo."

"Mapendo yako nimeyasikia. Songeza ndoo yako, inamwaga kwa miguu yangu."

Nilirudi nyumbani nikitembea taratibu, ili asione hofu yangu. Ndani, nilifikiri moto kwanza. Lakini sisi wa laini moja, safu moja ya nyumba, tunapikia uwanja mmoja, na karatasi ikiungua inanuka tofauti na makala. Mama Kabemba angekuwa wa kwanza kuuliza. Kutupa? Watu wa njaa walikuwa wanachokora kila takataka. Kutoa pakiti yetu peke yake? Orodha ina namba, na namba ikikosekana katikati, mtu anauliza ya nani. Na zile nyumba zingine kumi? Na neno langu kwa Badibanga?

Ntumba ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Mama, gundi ya timbre inaogopa maji."

Basi tukafua. Nilitoa mashuka yote ya nyumba, nikayaanika mbele kama ukuta, na nyuma yake tukaweka mabeseni matatu. Mtu akipita aliona wanawake wawili na sabuni. Tulimwaga kopo moja moja ndani ya maji, tukangoja, na timbre ziliachia karatasi, moja moja, zikaelea na vile vichwa vyote vikitutazama. Tulizitoa kwa vidole. Karatasi zilizobaki na majina yake tulizikanda kama unga wa bukari, ugali wetu, mpaka penseli haikusomeka, tukazipeleka chooni kwa ndoo. Orodha nazo hivyo hivyo. Timbre tulizilaza juu ya gazeti, chini ya magodoro, chini ya mkeka, juu ya kabati. Nyumba ilinuka gundi na bahasha. Kila nilipoliona jina ninalolijua likiyeyuka kwenye vidole, moyo uliniuma. Ilikuwa kazi ya miaka ishirini na mbili ya mtu, nami naikanda.

Muhuri wa posta haukutoka, wino wake ni wa mafuta. Lakini juu ya timbre unabaki kipande tu cha duara, na mara chache jina la mji. Jina la mtu, hapana. Siku mbili tulifua. Siku ya tatu asubuhi tulirudisha kila kitu ndani ya makopo, na sababu pakiti hazikuwepo tena, tulipanga kwa rangi.

Walikuja saa nne. Watano. Mkubwa wao alikuwa na viatu vya kampuni vilivyomzidi, na kitambaa chekundu kilichofungwa hadi kwenye nyusi. Mama Kabemba alisimama uwanjani, mikono kifuani, akitazama.

"Mama, muko na bitu ya bilulu humu."

"Tafuta, baba. Lakini futa miguu, nimepangusa."

Alitazama miguu yake, akafuta. Kisha akapindua kitanda. Makopo yakaonekana. Alifungua la kwanza, akaingiza mkono, akatoa konzi ya nyekundu.

"Hii ni nini?"

"Timbre. Za marehemu bwana yangu."

"Muchimbaji, na timbre? Alijua kusoma?"

"Alijua kukupita weye."

Wenzake walicheka. Ye hakucheka. Alianza kugeuza moja moja, anatazama nyuma, nyeupe, anatupa, nyeupe, anatupa. Nyuma yangu Ntumba alikaza kitenge cha mtoto mgongoni. Kisha kijana akasimama na moja.

"Hapa kunaandikwa Luputa. Luputa ni kwa bilulu."

 Nikaingiza mkono wangu ndani ya kopo, nikampa zingine bila kuchagua.

"Na hii? Soma. Dilolo. Hii? Bukavu. Hii, Kamina. Bote ni bilulu? Barua zinatoka pahali pote, baba. Ni karatasi tu, tazama, zimepangwa na rangi kama mchezo wa batoto."

Alimtazama Ntumba. "Na weye, wa wapi?"

"Kabongo," Ntumba akasema. Akaongeza salamu ya kule, mikono miwili, magoti yamekunjwa vizuri. Mtoto akaanza kulia.

Yule kijana alishika ile timbre ya Luputa muda mrefu. Alitaka iongee. Mwishowe akaiacha ianguke.

"Hizi mikebe ni mizuri," mwenzake akasema. "Ya kuwekea bunga."

Wakayamwaga yote tisa katikati ya nyumba, wakaondoka na makopo kichwani. Mama Kabemba aliwafuata kwa macho, kisha akaniambia: "Si nilikuambia haiko neno?"  Nilifunga mlango, nikakaa kwenye lile lundo na Ntumba, tukaanza upya: nyekundu hapa, buluu hapa. Tulipanga mpaka jua linashuka.

Kisimba alirudi na chumvi mwezi uliofuata. Timbre nilizitia ndani ya foronya nne, nikabadilisha makala kila mwezi, kama nilivyoambiwa.

Miaka miwili ilipita. Mfanyabiashara mmoja wa reli aliniletea bahasha kwa mkono. Ndani Badibanga, kutoka Kasai, aliuliza: *Bitu byangu viko vile niliacha?* Nilikaa na ile barua wiki nzima kabla ya kujibu. Niliandika: *Vipo vyote. Lakini nimevipanga kwa rangi.* Sikuandika sababu. Karatasi inasafiri, na huwezi kujua nani ataifungua.

Jibu lilichukua miezi mitano, kwa mkono tena, kwa maana posta ya kule ilikuwa imekufa. Lakini alikuwa amebandika timbre, kwenye kona, sawa kabisa, safi bila muhuri. Hakuandika mji. Hakuandika tarehe. Chini hakuweka jina lake, ye aliyeandika jina nyuma ya kila kitu. Barua ilikuwa na mistari miwili:

*Kwa rangi ni kazi ya batoto ba première année.*

*Yule wa pakiti ya arobaini na saba anaendelea namna gani?*

Nikajua ameelewa, nikamwita Ntumba asome. Alisoma, akafunika mdomo na kitenge. Kisha alileta makasi mwenyewe. Nilikata ile kona polepole, nisiipasue, tukaiweka ndani ya maji. Ilikuwa ya buluu.