Zawadi ya Filemoni

Mwanakombo binti Mwinshehe alikuwa na cherehani barazani mwa duka moja sokoni Mwanga. Kwa miaka mingi vitenge vizuri kuliko vyote alivyoshona vilitoka ng'ambo ya ziwa, mikononi mwa Elida. Elida alikuwa mfanyabiashara wa Baraka, upande wa Zaire. Alikuja kwa boti na marobota yake, akalala kwa Mwanakombo kule Buzebazeba, wakala ugali kwa samaki wa migebuka na kupiga soga, kisha akarudi kwao. Mmoja alikuwa Mwislamu, mwingine Mkristo. Mmoja hakujaliwa mtoto. Mwingine alikuwa mjane mwenye watoto wanne.

Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilipofika Baraka, Elida alivuka bila robota hata moja. Mwanakombo alimkuta ufukweni Kibirizi, amekaa mchangani katikati ya mamia ya watu. Alikuwa na Melania, binti wa miaka kumi na miwili. Leonardi wa miaka sita. Na Dunia, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Filemoni hakuwepo. Alikuwa na miaka tisa. Siku milio ya risasi ilipoanza alikuwa shambani na mjomba wake, na boti haikumngoja mtu.

Walikaa Buzebazeba kwa muda mfupi, mpaka wakimbizi wote walipoamriwa kwenda kambini. Mwanakombo alisimama barabarani mpaka vumbi la lori likatulia.

Krismasi ilipokaribia aliomba kibali cha kuwatembelea. Hakuwahi kumnunulia mtoto zawadi maishani, zaidi ya kanga za watoto wachanga wa majirani. Akapita sokoni akanunua vilivyong'aa: mwanasesere wa plastiki kwa Melania, gari la betri kwa Leonardi, na saa ndogo ya rangi rangi kwa Dunia.

Kambini haikuchukua muda mambo kuharibika. Dunia aliing'oa saa kifuniko akakitia mdomoni, na Elida akamchokonoa koo mtoto huku analia. Gari lilizunguka mara chache kwenye udongo mwekundu likanyamaza, na kambini hapakuwa na betri. Melania alisema, "Aksanti, mama mkubwa," kwa adabu, akamweka mwanasesere juu ya sanduku, wala hakumgusa tena.

Elida alimcheka kidogo. "Dada, wewe ukinunua kitambaa unakishika kwanza, unakivuta, unauliza kitamfaa nani. Leo umenunua kwa macho tu."

Mwanakombo naye akacheka, ingawa moyo ulimchoma. Ndipo Elida akauliza, bila kumtazama, "Na cha Filemoni kiko wapi?"

Mwanakombo alileta vitu vitatu kwa sababu aliwaona watoto watatu.

Siku iliyofuata, kabla ya kuondoka, alikaa mlangoni mwa turubai akawatazama watoto. Dunia alikuwa akishika kila kitu, anakitikisa, anakitupa, anakifuata kwa magoti. Leonardi alikuwa akichora kwa kijiti mchangani, kisha anakuja kuuliza, "Hii inasoma nini?" ilhali alichokichora hakikuwa herufi yoyote. Melania alikuwa amegeuza gauni lake ndani nje, anachunguza mshono wa begani kwa kucha.

Aliporudi Mwanga alianza kuweka kando mabaki ya vitambaa. Wateja walimkuta akishona vitu visivyo na mikono wala shingo. Kwa ajili ya Dunia alitengeneza mpira mkubwa wa vitenge uliojazwa sufi, usioweza kuingia mdomoni, na katikati yake akaficha kikopo chenye punje za mahindi ili ulie unapoviringika. Leonardi alimkatia herufi za jinzi ngumu, kila moja kubwa kama kiganja, akazipindia kingo zisichanike. Melania alimwandalia mfuko wenye mkasi, sindano, chaki ya fundi na futi ya kupimia.

Alibaki Filemoni. Mwanakombo alitembea mpaka Ujiji kwa Nuhu, fundi wa mitumbwi, akamwomba amchongee bao dogo la kuchezea, lenye kete zake za komwe.

"Mchezaji ana umri gani?" Nuhu aliuliza.

"Alikuwa na tisa mara ya mwisho mama yake kumwona."

Nuhu aliacha kupiga randa. "Basi nitayafanya mashimo mapana kidogo. Mikono inakua."

Safari hii kambini mambo yalikwenda vingine. Dunia aliufuata mpira wake mpaka kwa majirani, akarudishwa, akaufuata tena. Leonardi alizipanga herufi juu ya mkeka, Mwanakombo akamwonyesha jina lake, naye akalisoma kwa sauti mpaka dada yake akamwomba apumzike. Melania aliufungua mfuko, akaivaa futi shingoni kama alivyowaona mafundi, halafu akasema polepole, "Mama mkubwa, nifundishe kukata kola."

Elida alilipokea bao kwa mikono miwili. Akalifunga ndani ya kitenge, akalisukuma chini ya kitanda cha fito. "Asiliguse mtu," alisema. "Ni la mwenyewe."

Miezi ilipita. Kila Mwanakombo alipokuja, Melania alikuwa na nguo nyingine ya kumwonyesha, mishono ikizidi kunyooka. Bao lilikaa pale pale. Siku moja Leonardi alilivuta akitaka kulitazama tu, na mama yake akamchapa, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Mtoto alikimbilia nje.

Mwanakombo alisubiri Elida atulie. "Dada, nikuulize. Filemoni anajua kucheza bao?"

"Hajui. Baba yake alifariki kabla hajamfundisha."

"Sasa akija, atacheza na nani? Wewe hujui, mimi sijui, na hawa umewakataza."

Elida akainama, akalitoa bao, akalifuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake. Alimwita Leonardi, akampa. "Nenda kwa wale wazee wanaocheza bao mgahawani wakufundishe. Ujifunze vizuri. Kaka yako akija umfundishe na yeye."

Kuanzia hapo kete zilisikika kila siku katika turubai lile. Leonardi alijifunza kuhesabu upesi kuliko alivyofundishwa darasani, kwa kuwa hesabu ya bao ukiikosea unaliwa.

Masika ya mwaka 1998 watu wanaotafuta ndugu waliopotea walileta habari: kijana aitwaye Filemoni yuko katika kijiji cha wavuvi, ng'ambo, pamoja na mjomba wake. Alifikishwa kambini kabla mvua hazijakoma. Mwanakombo alifanya haraka kwenda. Alimkuta mvulana mrefu, mwenye viganja vilivyokakamaa kwa kuvuta nyavu, amekaa kando ya mama yake huku Elida amemshika kifundo cha mkono kama mtu anayeogopa mkondo wa maji.

"Shikamoo, mama mkubwa," Filemoni alisema. Wadogo zake walikwisha kumfundisha salamu ya huku.

Walicheza bao. Leonardi akamfunga, wakarudia, akamfunga tena. Hilo Filemoni alilivumilia. Lakini Leonardi alipotandaza herufi zake za jinzi na kumwambia, "Soma basi jina lako," aliinuka akaenda kusimama nje, ameupa mlango mgongo.

Mwanakombo alimfuata. Hakumwuliza kama anajua kusoma. Alimwuliza kule alikokuwa alifanya kazi gani.

"Kuvuta nyavu. Kuzishona. Na kupaka mitumbwi rangi."

"Majina ya mitumbwi aliyaandika nani?"

"Aliandika mwenye mtumbwi. Mimi nilipaka tu."

Mwanakombo alirudi Ujiji na fikra moja. Mtoto wa miaka kumi na moja anahitaji herufi zile zile za mtoto wa miaka sita, ila hawezi kuzipokea kama kitu cha kitoto. Nuhu alikuwa na vibati alivyovitoboa herufi kwa ajili ya kuandika majina ya mitumbwi: unabandika kimoja ubaoni, unapitisha brashi, herufi inabaki. Alimtolea seti iliyochakaa, pamoja na mkebe wa rangi ya bluu uliobaki nusu.

Filemoni alivigeuza vile vibati mikononi. Vilikuwa na matone ya rangi ya kazi ya watu wazima. "Ni vyangu?"

"Ni vyako. Ndoo za humu zote zinafanana, watu wanagombana bombani kila asubuhi. Wao watakutajia majina uwaandikie, Melania atakuonyesha herufi gani ianze."

Akaanza na ndoo ya mama yake. Kufikia juma la pili watu walikuwa wamepanga foleni, na Melania hakuhitajika tena ila kwa majina marefu. Kwenye ndoo ya bibi mmoja aitwaye Rozalia, Filemoni alikibandika kibati kinyumenyume, na herufi ya mwanzo ikatazama upande usio wake. Aligundua, akachukua kitambaa ili afute.

Bibi Rozalia aliivuta ndoo yake. "Acha, mwanangu. Rozalia wengine wapo humu. Hii nitaijua kwa mbali."

Akajitwika, akaelekea bombani, na Filemoni akamwita aliyefuata.